Uzito, Joto na Kazi: Lugha ya Maswali ya Awali ya Uhandisi wa Mitambo katika Mazingira ya Kabuga, Kigali

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna lugha inavyoingia katika utatuzi wa maswali ya awali ya uhandisi wa mitambo, hususani maswali ya mkazo na ya thamodinamiki. Mazingira yanayorejelewa ni Kabuga, mji ulio pembezoni mwa Kigali kwenye barabara ya kwenda Rusumo, ambako Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili hukutana katika karakana moja. Hoja kuu ni kwamba kosa zito la mwanafunzi anayeanza mara nyingi hutokea kabla ya hesabu, pale neno moja la mazungumzo linapobeba dhana mbili ambazo fizikia huzitenganisha. Maswali matatu ya mfano yanatatuliwa hatua kwa hatua ili kuonyesha kosa hilo linavyozaliwa na gharama yake. Makala yanahitimisha kwamba sera ya istilahi ya ukanda huu itanufaika zaidi ikianza na maneno machache yaliyofungamanishwa na fasili na vizio vyake kuliko ikianza na orodha ndefu za tafsiri.

1.0 Utangulizi

Swali la kwanza katika somo la uhandisi wa mitambo kwa kawaida huwa fupi. Kuna chuma, kuna mzigo, na mwanafunzi anatakiwa aseme iwapo chuma hicho kitahimili. Au kuna chombo chenye gesi, chombo kinapashwa moto, na mwanafunzi anatakiwa aseme gesi itakuwaje. Hesabu inayohitajika haizidi kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili. Hata hivyo, maswali haya huwashinda wanafunzi wengi ambao hesabu yenyewe wanaimudu.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mwanafunzi hana msingi wa hisabati, au kwamba Kiingereza chake ni hafifu. Maelezo yote mawili yana ukweli wake, lakini hayatoshi. Kati ya kusoma swali na kuandika mlinganyo kuna hatua ambayo si ya hisabati wala si ya sarufi ya Kiingereza: ni hatua ya kuamua neno lililosomwa linataja dhana ipi. Hatua hiyo mwanafunzi huifanya kwa lugha anayofikiria. Ikiwa lugha hiyo ina neno moja mahali ambapo fizikia ina dhana mbili, kosa huingia kimya kimya, na hesabu sahihi inayofuata hulifikisha kosa hilo hadi kwenye jibu.

Sehemu ya pili ya makala inaeleza hali ya lugha katika Kabuga. Sehemu ya tatu hadi ya tano zinachambua maswali matatu. Sehemu ya sita inatazama namna lugha za Ulaya zilivyolivuka tatizo hilihili, na sehemu ya saba inatoa mapendekezo ya kisera. Maswali yote matatu yametungwa kwa ajili ya makala haya, kwa kufuata sura ya maswali yanayotolewa kwa wanaoanza.

2.0 Kabuga na Lugha za Karakana

Kabuga ipo katika sekta ya Rusororo, wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa jiji la Kigali. Barabara inayopita hapo huelekea Rwamagana, Kayonza na hatimaye Rusumo, mpakani na Tanzania. Hii ndiyo njia ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam. Tangu mwaka 2019 kumekuwa na kituo kikubwa cha mizigo katika eneo jirani la Masaka, na msongamano wa malori umelifanya eneo hili kuwa mahali pa mafundi wa tairi, breki, welding na injini.

Lugha za mahali hapa zimepangana kwa tabaka. Kinyarwanda ni lugha ya nyumbani na ya mazungumzo ya kila siku. Kiingereza ni lugha ya darasani, kufuatia uamuzi wa serikali wa mwaka 2008 uliokiondoa Kifaransa katika nafasi hiyo. Kifaransa hakijatoweka: kimebaki katika vinywa vya mafundi waliofunzwa kabla ya mabadiliko hayo, na katika maneno ambayo Kinyarwanda kiliyapokea zamani, kama vile ipine kwa tairi na feri kwa breki. Kiswahili kilikuwapo barabarani na sokoni muda mrefu kabla ya kupewa hadhi ya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Dereva anayetoka Tanzania hueleza ubovu wa gari lake kwa Kiswahili, na fundi humjibu kwa Kiswahili hata kama daftari lake la chuo limeandikwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo kijana anayesomea ufundi mitambo na kufanya mazoezi karakanani husikia dhana moja kwa majina manne. Jambo hilo peke yake si hatari. Majina mengi ya kitu kimoja huongeza utajiri tu. Hatari iko upande wa pili, pale jina moja linapotumika kwa vitu vingi. Kinyarwanda hutumia neno ubushyuhe kwa joto lenyewe na pia kwa kiwango cha joto. Neno umuvuduko hutaja mwendo wa gari, na katika hospitali hutaja shinikizo la damu. Kiswahili cha mazungumzo nacho hutumia nguvu kwa misuli ya mtu, kwa umeme, kwa injini na kwa msukumo wa maji. Mazungumzo hayadhuriki kwa hilo, kwa sababu muktadha hutosha. Mlinganyo hauna muktadha wa aina hiyo. Kila herufi iliyomo ndani yake hudai dhana moja tu.

3.0 Swali la Kwanza: Uzito na Mkazo

Tuchukue swali hili: injini ya lori yenye uzito wa kilo 800 imening'inizwa kwa nondo moja ya chuma yenye kipenyo cha milimita 16 na urefu wa mita 2. Tafuta mkazo ndani ya nondo, na kiasi ambacho nondo itarefuka.

Kwa mwanaisimu, neno mkazo hukumbusha kwanza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa mhandisi, mkazo ni kani inayobebwa na kila sehemu ndogo ya eneo ndani ya kitu. Si kani nzima. Nondo mbili zinaweza kubeba mzigo uleule, moja ikiwa nene na nyingine nyembamba. Kani ni moja, mikazo ni miwili. Ndiyo maana mkazo hupatikana kwa kugawanya kani kwa eneo la mkato wa nondo, yaani uso ambao ungeonekana kama nondo ingekatwa upande kwa upande.

Mtego wa swali hauko katika neno mkazo bali katika neno uzito. Sokoni, kliniki na kwenye mizani ya malori, uzito hutajwa kwa kilo; Kinyarwanda nacho husema kupima ibiro, yaani kilo, kwa maana ya kupima uzito. Katika fizikia, kilo ni kizio cha tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo katika kitu. Uzito ni kani ambayo dunia hulivutia tungamo hilo chini, na kizio chake ni niutoni. Kila kilo moja huvutwa kwa niutoni 9.81. Kwa hiyo kani inayoivuta nondo ni 800 mara 9.81, ambayo ni niutoni 7,848.

Hatua zinazobaki ni nyepesi. Eneo la mkato wa nondo yenye kipenyo cha milimita 16 ni takriban milimita za mraba 201. Niutoni 7,848 zikigawanywa kwa 201 hutoa niutoni 39 kwa kila milimita ya mraba, ambazo ndizo megapaskali 39. Ili kupata kurefuka, mkazo huo hugawanywa kwa moduli ya mnyumbuko wa chuma, ambayo ni takriban megapaskali 200,000. Jibu ni 0.000195. Namba hii haina kizio, kwa kuwa ni uwiano wa urefu ulioongezeka kwa urefu wa awali. Ikizidishwa kwa milimita 2,000 hutoa milimita 0.39. Nondo imerefuka kwa chini ya nusu milimita, na mzigo ukiondolewa itarudi urefu wake.

Sasa mwanafunzi mwingine anaandika 800 mahali pa kani, kwa sababu swali limesema uzito ni 800. Anapata mkazo wa takriban 4. Hesabu yake haina dosari hata moja. Darasani atapoteza alama chache. Karakanani swali hugeuzwa: mzigo unajulikana, na fundi anatakiwa achague unene wa nondo. Ikiwa mkazo unaoruhusiwa ni megapaskali 100, hesabu sahihi hudai eneo la milimita za mraba 78.5, yaani nondo ya kipenyo cha milimita 10. Mwanafunzi aliyechanganya uzito na tungamo atapata eneo la milimita za mraba 8, yaani waya wa kipenyo cha milimita 3.2. Waya huo ukibebeshwa injini ile utapata mkazo unaokaribia megapaskali 980. Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kulegea na kutorudi umbo lake katika megapaskali 250 hivi. Injini itaanguka, na aliyesimama chini yake hataulizwa kama alikuwa hodari wa kugawanya.

Ifahamike kwamba kosa hili halitokani na Kiswahili peke yake. Mwingereza naye husema uzito wake ni kilo 70. Tofauti ni kwamba mwanafunzi anayejifunza fizikia kwa lugha anayoitumia kila siku husahihishwa waziwazi: huambiwa kuwa neno analolijua lina maana nyingine darasani. Mwanafunzi wa Kabuga hukutana na neno la Kiingereza kama neno jipya, hulitafsiri kimoyomoyo kwa neno la sokoni, na tafsiri hiyo haionwi na mwalimu wala haisahihishwi.

4.0 Swali la Pili: Presha ya Tairi

Swali la pili linatokana na jambo la kila siku katika barabara ya Rusumo. Tairi la lori limejazwa upepo asubuhi likiwa na nyuzijoto 20, na geji ikasoma kilopaskali 800. Baada ya safari tairi lina nyuzijoto 60. Ikichukuliwa kwamba ujazo wa tairi haukubadilika, geji itasoma ngapi?

Kanuni inayotumika inasema kwamba, katika ujazo usiobadilika, kanieneo ya gesi hubadilika kwa uwiano mmoja na halijoto. Istilahi kanieneo, iliyoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, ni miongoni mwa istilahi za fizikia zilizoundwa kwa ustadi: fasili yake imo ndani ya jina lake. Mafundi wengi hawaitumii. Wao husema presha au upepo. Presha nayo ni neno lenye shughuli nyingi, kwani mtu mwenye ugonjwa husema ana presha, na mtu mwenye wasiwasi husema anapewa presha.

Mwanafunzi mwepesi atasema hivi: joto limetoka 20 hadi 60, limeongezeka mara tatu, basi presha nayo itaongezeka mara tatu, yaani kilopaskali 2,400. Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, lakini fizikia yake si sahihi kwa sababu mbili.

Kwanza, nyuzi za Selsiasi hazianzii pasipo na joto. Zinaanzia pale maji yanapoganda, na kitu chenye nyuzi sifuri kina nishati nyingi bado. Kusema kuwa nyuzi 60 ni mara tatu ya nyuzi 20 ni sawa na kusema kwamba mtu aliye ghorofa ya sita yuko juu mara tatu ya aliye ghorofa ya pili kutoka usawa wa bahari, ilhali jengo lenyewe liko mlimani. Kipimo kinachoanzia chini kabisa ni kile cha Kelvin. Nyuzi 20 ni kelvini 293, na nyuzi 60 ni kelvini 333. Ongezeko ni takriban asilimia 14, si mara tatu.

Pili, geji haisomi kanieneo yote iliyomo ndani ya tairi. Husoma ziada iliyopo juu ya kanieneo ya hewa ya nje. Katika mwinuko wa Kigali, wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ina kanieneo ya karibu kilopaskali 85, tofauti na 101 za pwani ya Dar es Salaam. Kanieneo kamili ya asubuhi ni 885. Ikizidishwa kwa 333 na kugawanywa kwa 293 hutoa takriban 1,006. Tukiondoa 85, geji itasoma takriban kilopaskali 921.

Jibu hili lina matokeo barabarani. Dereva anayeona 921 mahali alipozoea 800 huweza kushawishika kupunguza upepo tairi likiwa bado moto. Akishusha hadi 800, kanieneo kamili inakuwa 885 katika kelvini 333. Usiku tairi likipoa hadi kelvini 293, kanieneo kamili itashuka hadi takriban 779, na geji itasoma 694. Kesho yake lori litaondoka likiwa na upepo pungufu kwa zaidi ya kilopaskali 100. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi kila linapozunguka, hupata joto zaidi, na huelekea kupasuka. Ushauri wa kutopunguza upepo wa tairi la moto hutolewa kila mahali kama amri. Fundi anayeelewa tofauti ya nyuzi na kelvini, na ya geji na kanieneo kamili, anaweza kuutoa kama maelezo, kwa Kiswahili, kwa dereva anayeuliza kwa nini.

5.0 Swali la Tatu: Joto, Halijoto na Kazi

Katika maswali mawili yaliyotangulia, lugha ilificha tofauti. Katika la tatu lugha ya mazungumzo hufikia hatua ya kujipinga yenyewe. Swali ni hili: kilo 10 za maji zenye nyuzi 20 zinachemshwa Kabuga. Tafuta joto linalohitajika kuyafikisha maji mahali pa kuchemka, na joto linalohitajika kuigeuza kilo moja kuwa mvuke.

Kwa kanieneo ya kilopaskali 85 hivi, maji huchemka katika nyuzi 95, si 100. Kila kilo ya maji huhitaji kilojuli 4.18 ili kupanda uzi mmoja. Kilo 10 kupanda nyuzi 75 huhitaji kilojuli 3,135. Baada ya hapo, kuigeuza kilo moja ya maji hayo kuwa mvuke huhitaji takriban kilojuli 2,270 zaidi, na katika muda huo wote kipimajoto hubaki palepale kwenye 95. Chombo cha umeme cha kilowati 3, kama hakuna kinachopotea, kitachukua zaidi kidogo ya dakika 17 kwa hatua ya kwanza, na karibu dakika 13 kwa hatua ya pili, ambamo kipimajoto hakisogei.

Mwalimu atalielezaje jambo hilo? Akisema kwamba joto linaongezwa lakini joto haliongezeki, mwanafunzi ana haki ya kushangaa. Sentensi hiyo ni ukinzani. Akisema kwamba joto linaongezwa lakini halijoto haiongezeki, ukinzani umekwisha na fizikia imeeleweka. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, na hupimwa kwa juli. Halijoto ni hali ya kitu kwenye kipimo, na husomwa kwa nyuzi au kelvini. Silabi mbili, hali, zimefanya kazi ambayo aya nzima ingeshindwa kuifanya. Baadhi ya waandishi hutumia jotoridi kwa dhana hiyohiyo. Lolote kati ya mawili linafaa, mradi mwanafunzi asikutane na yote mawili katika kitabu kimoja bila kuambiwa kuwa ni kitu kimoja.

Neno kazi lina mtego wa namna nyingine. Injini inafanya kazi, kwa mazungumzo, ni kusema kwamba injini ni nzima. Katika thamodinamiki, kufanya kazi ni kusukuma kitu kwa kani hadi kikasogea, na kazi hiyo ina kiasi. Kanuni ya kwanza ya thamodinamiki husema kwamba badiliko la nishati ya ndani ya mfumo ni joto lililoingia kuondoa kazi iliyofanywa na mfumo. Gesi iliyomo ndani ya silinda ikipokea kilojuli 50 za joto na kufanya kazi ya kilojuli 20 kwa kusukuma pistoni, nishati yake ya ndani imeongezeka kwa 30. Gesi hiyohiyo ikipokea kilojuli 50 na kufanyiwa kazi ya kilojuli 20, pistoni ikiibana, nishati yake imeongezeka kwa 70. Kinachotenganisha 30 na 70 ni alama ya kutoa na alama ya kujumlisha, na wanaoanza huzichanganya mno.

Hapa Kiswahili kina faida ambayo haijatumiwa ipasavyo. Mnyambuliko wa kitenzi hubeba mwelekeo ndani yake: kufanya na kufanyiwa, kupasha na kupashwa, kubana na kubanwa. Kiingereza hutegemea vihusishi vidogo ambavyo msomaji mwenye haraka huviruka; Kiswahili huweka tofauti hiyo katika mwili wa kitenzi, mahali ambapo mzungumzaji wa lugha yoyote ya Kibantu, Kinyarwanda kikiwemo, amezoea kuisikia. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi aandike kwanza sentensi, gesi imefanya kazi au gesi imefanyiwa kazi, kabla ya kuandika alama, anatumia sarufi kama chombo cha fizikia.

6.0 Funzo Kutoka Historia ya Lugha Nyingine

Huenda ikadaiwa kwamba lugha za Ulaya zilizaliwa na dhana hizi zikiwa zimetenganishwa, na kwamba lugha za Afrika zinajaribu kuiga kisichokuwa chake. Historia haikubaliani na dai hilo. Mwaka 1847 Hermann von Helmholtz alipochapisha kazi yake maarufu kuhusu kuhifadhika kwa nishati, alitumia neno la Kijerumani Kraft, ambalo kwa kawaida ni nguvu au kani. Wajerumani wa wakati huo walikuwa na neno moja mahali ambapo leo wana mawili, kama ilivyo kwa neno nguvu la Kiswahili. Kabla yake, katika karne ya 18, ilimlazimu Joseph Black wa Scotland kufanya majaribio ya barafu na maji yanayochemka ili kuonyesha kwamba joto linaloingia na kipimo kinachosomwa ni vitu viwili.

Dhana ya mkazo nayo ilichelewa kupata jina. Augustin-Louis Cauchy aliiwasilisha kwa wanazuoni wa Paris mwaka 1822, akitumia maneno ya Kifaransa yaliyokuwapo tayari kwa mgandamizo na mvutano. Katika Kiingereza, ni William Rankine aliyetenganisha kwa uthabiti jina la mkazo na jina la badiliko la umbo linalosababishwa nao, katika miaka ya 1850. Wakati huo reli na madaraja yalikuwa yamekwisha kujengwa kwa wingi, na mengine yalikuwa yamekwisha kuanguka.

Funzo ni kwamba utengano wa dhana hizi ni kazi iliyofanywa na watu, kwa muda unaojulikana, katika lugha ambazo hazikuwa nao. Kiswahili nacho kimeianza kazi hiyo zamani. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kani, kanieneo, tungamo na halijoto ni maneno yaliyopo. Kinachokosekana ni njia ya kuyatoa kamusini na kuyafikisha karakanani.

7.0 Mapendekezo ya Kisera

Uchambuzi huu unaelekeza kwenye mambo manne.

Kwanza, ianze orodha fupi. Istilahi kumi na mbili zinatosha kwa maswali yote ya awali ya mkazo na thamodinamiki yaliyotajwa hapa: tungamo, uzito, kani, kanieneo, mkazo, uwiano wa kurefuka, mnyumbuko, joto, halijoto, kazi, nishati na nguvu. Kila istilahi iambatane na fasili ya sentensi moja, kizio chake, na neno la mazungumzo ambalo haitakiwi kuchanganywa nalo. Safu hii ya mwisho ndiyo inayokosekana katika faharasa nyingi, nayo ndiyo yenye manufaa makubwa kwa anayeanza.

Pili, kazi ya kuioanisha orodha hiyo ipewe Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyopo Zanzibar, kwa kushirikiana na mabaraza ya kitaifa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Dereva anayevuka Rusumo na fundi anayempokea Kabuga ndio mawasiliano mapana yenyewe. Nchini Rwanda, orodha hiyo ipelekwe pia kwa Inteko y'Umuco ili safu ya Kinyarwanda iandikwe sambamba.

Tatu, vyuo vya ufundi, vikiwemo vilivyo chini ya Rwanda Polytechnic, vichukue hatua moja ya ufundishaji isiyobadilisha lugha ya mtihani. Kabla ya hesabu, mwanafunzi aandike kwa lugha yoyote anayoimudu: dhana iliyotolewa ni ipi, kizio chake ni kipi, na dhana inayotafutwa ni ipi. Mwanafunzi aliyeandika tungamo, kilo 800, hawezi kuiweka namba hiyo mahali pa kani bila kujikamata mwenyewe.

Nne, majibu yapimwe kwa akili ya kawaida. Tairi lenye kilopaskali 2,400, au injini ya kilo 800 juu ya waya wa milimita tatu, ni majibu ambayo fundi yeyote mzee angeyakataa kwa kuyatazama tu. Maarifa hayo ya karakana yapo, nayo yamehifadhiwa katika Kinyarwanda na Kiswahili. Darasa linalozuia lugha hizo huizuia pia hekima hiyo isimsaidie mwanafunzi.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba kumwongezea mwanafunzi wa Rwanda lugha nyingine ni kumtwisha mzigo juu ya mzigo. Lakini mzigo huo tayari anao. Maneno uzito, presha, joto na kazi yamo kichwani mwake kabla hajafungua kitabu, na yanafanya kazi yake yapende walimu au yasipende. Linaloweza kuamuliwa na sera ni iwapo maneno hayo yatafanya kazi gizani au mbele ya mwalimu.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba katika maswali ya awali ya mkazo na thamodinamiki, kosa linaloweza kuangusha injini au kupasua tairi huzaliwa katika kusoma, pale neno la mazungumzo linapowakilisha dhana zaidi ya moja. Yameonyesha vilevile kwamba Kiswahili kina istilahi za kutosha kulizuia kosa hilo, na kwamba mnyambuliko wa vitenzi vyake unaweza kurahisisha kile ambacho alama za kujumlisha na kutoa hukifanya kigumu. Lugha nyingine zilizitenganisha dhana hizi kwa juhudi za makusudi, na ukanda wa Afrika Mashariki unaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo zaidi, kwa kuwa maneno yamekwisha kuundwa. Kazi iliyobaki ni kuyakubali kwa pamoja, kuyaandika pamoja na vizio vyake, na kuyapeleka mahali ambapo nondo hukatwa na tairi hujazwa upepo.